Nilijifunza maneno katika buku yenye ilitunyima maneno

Ndugu zangu wanafunzi, na ninyi wenye mulisha kumaliza na sasa muko kwenye kutafuta kazi, shida ya Kiingereza tunaijua wote. Umesoma miaka mitano, defansi imepita vizuri, SV iko tayari. Halafu unasoma tangazo: wanaomba Kifaransa, Kiswahili, na Kiingereza cha kuandika ripoti. Pale njo mlango unafungwa.

Miye mlango huo ulinifungia mara mbili. Mara ya pili walitupatia karatasi moja ya ripoti, tuifupishe kwa mistari kumi. Maneno madogo nilikuwa nayajua yote. Lakini kila mstari ulikuwa na neno moja kubwa lenye kukaa katikati kama jiwe la volkano njiani, na bila kulisogeza hupiti. Nilitoka na haya, nikapanda pikipiki, sikumwambia mtu.

Mwalimu wangu mmoja wa zamani, mwenye kufundisha Kiingereza, ndiye alinisaidia. Akasema: "Mudogo wangu, Kiingereza cha kusalimia uko nacho. Maneno makubwa hayatoke kwenye kusalimia, yanatoka kwenye kusoma. Tafuta buku moja ya zamani, ikuwe fupi, uimalize." Nikatafuta fupi kweli. Nikapata Heart of Darkness ya Joseph Conrad. Kurasa karibu mia moja tu, na inasema juu ya mto wetu. Nikafikiri itakuwa rahisi juu niko mtoto wa nyumbani. Nilijidanganya.

Nilichukua kaye, nikapiga mistari, nikaweka safu mbili: neno, na maana yake. Kila jioni maneno matano, hata umeme ukikatika. Lakini miye nilisoma historia, na mtu wa historia hawezi kusoma buku bila kuuliza: nani aliandika, lini, alikuwa wapi, na wengine wenye walikuwa pale walisema nini? Maswali hayo njo yalinifundisha zaidi kuliko diksionere.

*Mtu wa lugha ya tatu*

Kitu cha kwanza kilinishangaza: mwenye kuandika ile buku hakuzaliwa na Kiingereza. Jina lake la kuzaliwa ni Józef Teodor Konrad Korzeniowski. Alizaliwa mwaka 1857 huko Berdychiv, mji ambao leo uko Ukraine na wakati ule ulikuwa chini ya mfalme wa Urusi. Lugha ya nyumbani ilikuwa Kipolandi. Baba yake alikuwa mwandishi na mtafsiri, alimtafsiri Shakespeare kwa Kipolandi. Warusi walimpeleka uhamishoni na mke na mtoto juu ya siasa. Mama alikufa 1865, baba akafuata 1869. Konrad alibaki yatima akiwa na miaka 11.

Mwaka 1874 akaenda Marseille kufanya kazi ya bahari. Kifaransa akawa nacho vizuri. Kiingereza hapana. Alifika Lowestoft, Uingereza, mwezi wa 6 mwaka 1878 akiwa na miaka 20, na Kiingereza chake kilikuwa kidogo sana. Hesabu yake ni kama yetu: lugha ya nyumbani, halafu Kifaransa, halafu Kiingereza mwishoni, ukiwa mtu mzima mwenye kutafuta mkate.

Alijifunza namna gani? Kwa masikio na kwa macho. Masikio, kwa mabaharia wa kawaida wenye alifanya nao kazi kwenye meli. Macho, kwa kusoma. Alikuwa na Shakespeare yote katika buku moja, aliisoma wakati meli yake ilikuwa inatengenezwa kule Falmouth, nyundo zinapiga pembeni. Wakati wa mitihani ya serikali ya kupanda cheo, alianguka mara ya kwanza kwa cheo cha ofisa wa kwanza, akarudia, akapita. Kwa cheo cha kapiteni, mwaka 1886, akaanguka tena mara ya kwanza, akarudia, akapita. Ninyi wenye kuogopa sesheni ya pili, mukumbuke hilo. Buku yake ya kwanza, Almayer's Folly, ilitoka 1895. Tangu kushuka Lowestoft mpaka pale ni miaka 17. Na mpaka kufa kwake mwaka 1924, wenye walimjua walisema alikuwa anasema Kiingereza kwa sauti ya Kipolandi.

Nilipojua hayo, haya yangu ilipungua. Kama mtu alianza na miaka 20 akafika kufundishwa katika mauniversite ya dunia nzima, miye na karatasi yangu moja ya ripoti nalia nini?

*Safari ya 1890*

Sasa tufike kwetu. Conrad alifika Boma mwezi wa 6 mwaka 1890, akapanda mpaka Matadi. Wakati ule hii nchi ilikuwa inaitwa Dola Huru ya Kongo, lakini huru haikuwa: ilikuwa mali ya mtu mmoja, Léopold wa Pili, mfalme wa Wabelgiji, tangu 1885. Reli ya Matadi hadi Kinshasa ilikuwa ndiyo inaanza kujengwa, itamalizika 1898. Kwa hiyo Conrad alitembea kwa miguu na wapagazi, tangu tarehe 28 mwezi wa 6 mpaka tarehe 2 mwezi wa 8.

Njiani aliandika kaye yake ya safari. Kaye hiyo iko mpaka leo, na watu wa elimu wameichapisha. Iko kwa Kiingereza, na ndani muko makosa ya tahajia na alama za Kifaransa, sawa na kaye zetu. Lakini muko pia mambo mazito: maiti ya mtu kando ya njia, siku iliyofuata maiti nyingine, na baadaye mifupa ya mtu imefungwa kwenye nguzo. Anaandika kwa mstari mmoja, anaendelea na hali ya hewa.

Kinshasa alipanda batoo yenye kuitwa Roi des Belges, akapanda mto karibu kilomita 1,700 mpaka Stanley Falls, ambako leo tunaita Kisangani. Alifika tarehe 1 mwezi wa 9. Wakati wa kushuka walimbeba mgonjwa mmoja, wakala wa kampuni, jina Klein, mwenye alikufa ndani ya batoo. Kapiteni naye aliugua, Conrad akashika kazi yake kwa muda. Ndani ya mizigo yake yote hiyo alikuwa anatembea na kurasa za mwanzo za Almayer's Folly. Mtu bado anaandika Kiingereza chenye makosa, na alisha kuanza buku.

Heart of Darkness yenyewe ilitoka kwenye gazeti la Blackwood's mwaka 1899, halafu ndani ya buku mwaka 1902.

*Safu ya tatu*

Turudi kwa kaye yangu. Neno lenye kurudi mara nyingi lilikuwa "ivory", pembe za ndovu. Kila mzungu wa kituo anasema hilo. Hilo lilikuwa rahisi. Lakini kuna maneno mengine yalinipa kazi, na hayo hayakuwa magumu kwa tahajia.

Mwanzoni meli ya vita ya Ufaransa inapiga mizinga ndani ya pori, na mtu anasema kule pori kuna "enemies", maadui. Mbele kidogo kuna watu wamefungwa mnyororo shingoni, wanaitwa "criminals", wavunja sheria. Mwishoni kuna vichwa vya watu juu ya miti, kuzunguka nyumba ya Kurtz, na hao wanaitwa "rebels", waasi. Msimulizi, Marlow, mwenyewe anashangaa: adui, mvunja sheria, mfanyakazi, muasi, kumbe ni watu walewale, jina njo linabadilika. Na vichwa si hadithi tu. Magazeti ya miaka hiyo yaliandika juu ya Léon Rom, ofisa wa Dola Huru kule Stanley Falls, mwenye alipanga vichwa 21 kuzunguka maua mbele ya nyumba yake.

Siku hiyo nikapiga mstari wa tatu kwenye kaye. Safu ya kwanza, neno. Ya pili, maana. Ya tatu: nani analisema, na juu ya nani. Ndugu, kama utachukua kitu kimoja katika maandishi haya, chukua hiyo safu ya tatu. Diksionere itakupa maana ya "criminal". Haitakuambia kwamba yule mtu mwenye mnyororo hakuiba hata kuku.

Halafu kuna familia ya maneno yenye kunichosha: "inscrutable", "inconceivable", "impenetrable", "unspeakable". Kwa sarufi nilifurahi, juu nilielewa kumbe "in-", "im-" na "un-" zinafanya kazi kama "-sio" na "-sivyo" yetu: kisichosomeka, kisichofikirika, kisichopenyeka, kisichosemeka. Ukishika mlango huo mmoja, unapata maneno mia. Lakini safu ya tatu ikauliza: kisichosomeka kwa nani? Mto, pori, watu wa kando ya mto, vyote vinaitwa hivyo. Mkosoaji Muingereza F. R. Leavis, mwaka 1948, alisha kumlaumu Conrad juu ya kurundika sifa hizo. Yeye aliona ni kosa la uandishi. Miye mtoto wa huku niliona kitu kingine: Marlow hajui lugha hata moja ya watu wa mto. Mtu akisikia Kiswahili au lugha za mto na haelewi, kitendawili kiko kwa watu, ao kiko kwa masikio yake?

Angalia tena: Waafrika wa ndani ya buku wanapewa maneno ya kusema mara mbili tu, machache, ya Kiingereza cha kuvunjika. Mshika usukani anakufa bila kusema kitu. Watu wa batoo wanalipwa vipande vitatu vya waya wa shaba kila wiki, mali ya aina ya mitako yenye mababu walitumia, na hatuambiwe jina la hata mmoja wao. Hata jina la Kongo halimo. Nilijaza kaye na maneno zaidi ya mia nne ya nchi yangu, na nchi yangu haikuitwa.

Ni mwandishi wa Nigeria, Chinua Achebe, mwenye alisema jambo hilo kwa sauti kubwa. Mwezi wa 2 mwaka 1975, katika universite ya Massachusetts, Marekani, alieleza kwamba Conrad alimfanya Mwafrika kuwa pambo la nyuma ya hadithi ya mzungu mwenye kuchanganyikiwa, na akamwita mbaguzi. Mpaka leo watu wanabishana.

*Wengine wawili wa Stanley Falls*

Miye sitaingia katika mabishano hayo kwa kupiga kelele. Nitaweka ushahidi mezani kama walivyotufundisha kwenye historia. Stanley Falls ya wakati ule ilitoa maandishi mengine, na mawili kati yake tunapaswa kuyajua.

La kwanza ni la George Washington Williams. Alikuwa Mmarekani mweusi, askari wa zamani, mchungaji, mwanahistoria. Alipanda mto wetu mwaka 1890, na kule Stanley Falls, tarehe 18 mwezi wa 7, aliandika barua ya wazi kwa Léopold. Wiki sita kabla Conrad hajafika! Ndani yake hakuna "kisichosemeka". Anasema: machifu walidanganywa wakatoa udongo wao, askari wanachoma vijiji, watu wanatekwa, mahakama haina haki. Katika barua nyingine ya mwaka huo kwa serikali ya Marekani, alitumia maneno yenye leo tunayasikia kila siku redioni: uhalifu dhidi ya ubinadamu. Alikufa 1891, Uingereza, na miaka 41 tu. Mto uleule, mwaka uleule, Kiingereza kilekile. Kumbe ilisemeka.

La pili liko kwa Kiswahili. Hamed bin Muhammed el Murjebi, mwenye tunamwita Tippu Tip, aliwekwa kuwa wali wa Stanley Falls mwaka 1887 kwa mapatano na Léopold. Conrad alipofika, watu wa Tippu Tip walikuwa bado kule, na Kiswahili kilikuwa kinasemwa pale. Baadaye, Zanzibar, Tippu Tip aliandika maisha yake kwa Kiswahili, na Mjerumani Heinrich Brode akayatoa kwenye jarida la Berlin kwa miaka 1902 na 1903. Ona hizo tarehe: buku ya Conrad na maisha ya Tippu Tip zilitoka kwa chapa wakati mmoja. Simsifu huyo mtu. Alikuwa mfanyabiashara wa pembe na wa watumwa, na mababu zetu wa Maniema walilia juu yake. Lakini yeye anataja majina: ya machifu, ya vijiji, ya njia, ya wenye deni na wenye kudai. Kwa Tippu Tip hii nchi si giza, ni sokoni. Kila mtu ana bei na kila mtu ana jina. Hiyo pia ni aina ya ukatili, lakini ni ukatili wenye kusomeka.

Sasa niulize: kati yetu, nani alisoma Conrad shuleni ao alisikia jina lake? Wengi. Nani alisoma Williams? Nani alisoma Tippu Tip, na iko kwa lugha yetu yenyewe? Miye, na diploma yangu ya historia, nilikuwa sijamsoma hata mmoja wa hao wawili.

*Haki ya Conrad, na vijiti vya Lontulu*

Tusimnyime Conrad haki yake. Mwaka 1890 kule Matadi alikutana na Roger Casement, na 1903 Casement, akiwa balozi mdogo wa Uingereza, alipotafuta msaada, Conrad alimwandikia barua ya kulaumu utawala wa Léopold, itumiwe mbele ya watu. E. D. Morel, mwenye aliongoza vita vya maneno juu ya mpira wa damu, aliisifu sana Heart of Darkness. Ripoti ya Casement ilitoka 1904, na mwaka 1908 Léopold alilazimishwa kuachia Kongo kwa serikali ya Ubelgiji. Maneno ya buku yalisaidia kidogo kusukuma mlango huo.

Lakini kuna shahidi mwingine mwenye simsahau. Mwaka 1904 Léopold alilazimishwa kutuma kamati ya uchunguzi. Mbele ya kamati hiyo alikuja chifu wa Bolima, jina lake Lontulu. Hakuleta ripoti. Alileta vijiti 110, akaviweka mezani kimoja kimoja, kila kijiti ni mtu wake mmoja mwenye aliuawa juu ya mpira. Ushahidi wake uliandikwa, na miaka mingi faili za kamati zilifungiwa kule Ubelgiji.

Ndugu zangu, miye njo ninaona hapo sababu ya kujifunza maneno makubwa. Kazi ni sababu moja, siikatae, njaa si ya mchezo. Lakini wakati Lontulu anapanga vijiti, kuna mtu mwingine mwenye kalamu alikuwa anachagua neno la kuandika. Aandike "waasi"? "Wafu"? "Waliouawa"? Mwenye kalamu alikuwa na nguvu juu ya wafu 110.

Mwaka jana nilifanya tena mtihani wa kuandika, fasi ingine. Karatasi ilikuwa juu ya watu wenye kukimbia vita. Neno kubwa lilikuwa "caseload". Safari hii nilikuwa nalijua: ni wingi wa watu wenye ofisi inapaswa kuhudumia. Lakini mkono ulisimama, safu ya tatu ikaniuliza: nani analisema, na juu ya nani? Wale watu miye ninawajua. Wengine walilala kwetu sebuleni. Mule ndani ya ufupisho wangu, pale waliandika "caseload", niliandika "families", nikaongeza idadi yao kama ilivyokuwa kwenye karatasi, nikaendelea.

Basi, someni hiyo buku. Kurasa mia, maneno matano kwa siku, miezi mitatu unamaliza. Musiogope makosa, hata mwenyewe alikuwa nayo. Lakini musiisome peke yake. Wekeni pembeni barua ya Williams, na maisha ya Tippu Tip, na Achebe. Na kwenye kaye, pigeni mstari wa tatu.